Simu ya Kufunga Kichwani

Mwaka ule tulikuwa bado mkoa wa Shinyanga, na Bariadi ndiyo kwanza imepata mnara wa pili wa simu. Mimi Maftaha nilikuwa nauza kahawa mbele ya duka la spea, kwenye benchi la mbao zilizotolewa kwenye bodi ya lori bovu. Wateja wangu wa asubuhi hawakubadilika. Kulikuwa na Mzee Masunga, tuliyemwita Bunge, maana hakuna sheria iliyotangazwa redioni asiifafanue. Kulikuwa na Sharifu, jina la kijiweni Volteji, aliyechaji simu za watu kwa betri ya gari. Wiki zile trafiki walikuwa wameanza kuwakamata madereva wanaoongea na simu, na kila mtu alikuwa na lake la kusema. Asubuhi hiyo Masele, dereva wa Kanta, lori dogo la kubebea pamba, alikuja kwa miguu. Masele hatembei kwa miguu hata kwenda msalani. Tukajua kuna jambo.

— Leseni yangu imechukuliwa, akasema kabla hajakaa. Afande Dastan kaichukua jana jioni pale mwingilio wa mji. Kaniambia tukutane hapa.

— Ulikuwa umeshika simu? Bunge akauliza.

— Sikushika! Ndiyo kinachoniuma. Niliifunga kichwani kwa kitenge cha mke wangu Wilhelmina. Simu imekaa kwenye sikio, fundo limekaa utosini, mikono yote miwili iko kwenye usukani.

Volteji alicheka mpaka kahawa ikammwagikia magotini. Bunge hakucheka. Alivua kofia akaiweka pajani, kama afanyavyo akitaka kutoa hukumu.

— Hapo huna kosa. Mimi nimesikia kwa masikio yangu: kinachokatazwa ni mkono. Sheria inataka hendisi-frii. Frii ni bure. Mikono ya bure.

— Bure kivipi, mzee? Masele akauliza.

— Isiyolipwa. Maana yake huwezi kumlipa utingo akushikie simu sikioni. Akikushikia kwa kupenda mwenyewe, hiyo ruksa.

— Acha hizo, Bunge, Volteji akasema. Frii ni huru, mikono iwe huru. Sasa mimi nakuuliza: dereva anayekula muhindi wa kuchoma huku anaendesha, mkono wake uko huru?

— Muhindi hauna mtandao.

— Sikuulizi mtandao, nakuuliza mkono!

Nikawajazia vikombe. Masele hakugusa chake. Nilimwelewa. Msimu wa pamba ni mfupi, na tangu vinu vya kuchambulia pamba vya watu binafsi vilipofunguliwa, madereva walikuwa wanakimbizana. Kinu hiki foleni ndefu, kile hakina foleni, na ukichelewa kujua unalala nje na mzigo. Mwenye Kanta asingemsubiri dereva asiye na leseni. Wapo vijana tele mjini wanaotamani ule usukani.

— Nilikuwa naongea na shemeji yangu aliyeko kinuni, Masele akasema. Ananielekeza niingilie wapi. Na nyie mnajua, njia yote ile kutoka Bukundi nilikopakia simu haishiki. Inashika pale tu kwenye mwinuko wa Ngulyati, halafu tena mpaka uingie mjini. Ningefanyaje? Ningepita mwinuko ningekosa mtandao.

— Ungesimamisha gari, nikasema mimi.

— Na mzigo ule, mlimani? Breki zenyewe unazijua?

Hapo ndipo Dastan alipofika. Alikuwa kijana wa Maswa, pale Nyalikungu, mpole kuliko sare yake. Aliegesha pikipiki, akatusalimia, akachukua kahawa bila kuketi. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyelala na tatizo.

— Afande, Bunge akaanza, huyu bwana hana kosa.

— Inawezekana, mzee, Dastan akasema.

Hatukutegemea jibu hilo. Bunge mwenyewe alikuwa ameshajiandaa kubisha, akakosa pa kuanzia.

— Nilipomwona jana nilidhani anaumwa jino, Dastan akaendelea. Amefungwa kitenge shavu lote. Nikamsimamisha nimpe pole. Nakaribia dirishani nasikia anarudia anachoelekezwa, "Napinda kulia baada ya mzani." Nikamuuliza anaongea na nani, akaninyooshea mikono yote miwili.

— Si unaona! Mikono mitupu! Masele akadakia.

— Nimeona. Ndiyo maana sikuandika kitu. Sisi kwenye paredi tuliambiwa kwamba dereva na simu marufuku, isipokuwa kwa hendisi-frii. Nikamuuliza mkubwa wangu: kitenge ni hendisi-frii? Akaniambia tumia busara.

— Sasa busara inasemaje? Volteji akauliza.

— Ndiyo nimekuja kunywa kahawa.

Aisee, kijiwe kikapata moto. Polisi anauliza, raia wanajibu! Volteji akasogea mbele ya benchi.

— Tuanze na kubipu. Dereva akibipu halafu akakata, ameongea?

— Hajaongea, Dastan akasema.

— Na simu isiyo na vocha, ameishika tu mkononi kama kipande cha sabuni?

— Hapo... sijui.

— Na mwenye mkokoteni wa ng'ombe? Ana simu mkono mmoja, fimbo mkono mwingine. Ng'ombe ndio wanaoendesha. Nani dereva?

— Dereva ni ng'ombe, Bunge akakata shauri. Na ng'ombe hana simu. Hakuna kosa.

— Na wewe afande, Volteji akasema, sauti ameishusha kidogo. Juzi nilikuona kwenye pikipiki. Simu umeichomeka ndani ya helmeti, unaongea. Hiyo nayo si kitenge cha plastiki?

Dastan aliitazama helmeti yake iliyokuwa imening'inia kwenye usukani. Akanywa kahawa yote kwa mkupuo, na ilikuwa ya moto.

— Mimi nasema hivi, Bunge akapaza sauti, serikali imekusudia kichwa! Mkono ni lugha tu ya watu wa ofisini. Kinachokatazwa ni kichwa kubeba vitu viwili.

— Basi wanawake wote waendao kisimani wana kosa, Volteji akajibu.

— Hao hawana injini!

— Kumbe tatizo ni injini?

— Mnanichanganya, Dastan akasema, na kweli alikuwa amechanganyikiwa. Masele, nisikilize. Kama mikono ilikuwa kwenye usukani, na macho yalikuwa mbele...

— Yalikuwa mbele muda wote, afande. Naapa. Sikugeuza shingo. Ningegeuza, kitenge kingefunguka.

— Basi sina cha kukuandikia.

Akaingiza mkono mfukoni akaitoa leseni. Masele alisimama kuipokea. Bunge akavaa kofia yake kama wakili aliyeshinda kesi.

Mwanamke mmoja alikuwa amesimama pembeni ya jiko langu. Sikujua amefika saa ngapi. Mtu mzima, miguu ina vumbi jekundu mpaka magotini, mkono wa kushoto umefungwa kwa khanga ukaning'inizwa shingoni. Nilidhani anataka kahawa.

— Mwangaluka, akasalimia kwa Kisukuma.

— Mwangaluka, mayu, yaani mama, tukaitikia sote.

— Naitwa Nyamizi, natokea Ngulyati. Nimeambiwa dereva wa Kanta ya bluu ya pamba huwa anakaa hapa.

— Ni mimi, mayu, Masele akasema, mkono bado ameunyoosha kuelekea kwenye leseni.

Nyamizi alimtazama kwa muda mrefu. Hakuwa na hasira usoni, na hilo ndilo lililonitia hofu.

— Jana nilikuwa navusha ng'ombe wangu wa kulimia, pale juu kwenye mwinuko. Ukaja. Nikainua mkono ili upunguze mwendo. Ukanitazama. Ulinitazama usoni kabisa, tukatazamana, nikasema huyu kaniona, nikaendelea kuvuka. Hukupunguza. Ng'ombe mmoja alishtuka akanivuta na kamba mpaka mtaroni.

Masele aliushusha mkono.

— Mayu... wapi?

— Pale kwenye mwinuko. Ng'ombe ni wazima. Mkono huu mganga wa zahanati amesema umeteguka, utapona. Sikuja kudai. Ila sisi tuna ugomvi wa mpaka wa shamba na ukoo wa marehemu mume wangu, na kaka zangu wanasema wewe umetumwa. Wanasema hakuna mtu anayemtazama mtu usoni halafu anamwendea na gari, kama hakutumwa. Nimewaambia wangoje nikamuulize mwenyewe. Sasa nakuuliza, mwanangu, nijibu tu. Uliniona, au hukuniona?

Niliona macho ya Masele yanakwenda huku na huku, kama mtu anayetafuta kitu alichokiweka mahali na hakipo.

— Nilikuwa natazama mbele, akasema.

— Najua. Mbele nilikuwepo mimi.

— Nakumbuka shemeji ananiambia kuhusu mzani. Nakumbuka nilimuuliza kama kuna malori mengi. Mwinuko... mayu, mwinuko siukumbuki. Naukumbuka wa siku zote. Wa jana siukumbuki.

— Kwa hiyo hukuniona.

— Macho yangu yalikuona, kama unasema tulitazamana. Mimi sikukuona. Sijui nikuambieje.

Alikaa chini ghafla. Bunge alikuwa anakitazama kikombe chake. Volteji naye alikuwa anatazama barabara.

Nyamizi akatugeukia sisi.

— Nyie mnaojua mambo ya mjini, inawezekana mtu akakutazama asikuone? Kaka zangu wakiniuliza niwajibu nini?

Mimi nilisogeza kigoda, nikampa kahawa, kwa sababu ndicho nilichoweza. Aliipokea kwa mkono mmoja akashukuru.

Dastan alikuwa bado ameishika leseni. Masele akainua kichwa.

— Afande, irudishe mfukoni. Niandikie.

— Nikuandikie nini? Ya simu siwezi, tumeshindwa hapa asubuhi nzima.

— Sijui. Andika chochote.

Dastan akasema taratibu, kama anayejisikiliza mwenyewe:

— Kuna kuendesha bila uangalifu. Hiyo ipo.

— Ipo tangu lini? Bunge akauliza.

— Tangu zamani, mzee. Hata kabla ya simu.

— Na hukuisema muda wote huu?

— Hakuna aliyeniambia kuna mtu alikuwa barabarani.

Masele alikubali bila kubisha, ingawa alijua maana yake. Siku ileile mwenye Kanta alimpa usukani mtu mwingine, na ule msimu wa pamba uliisha Masele akibeba magunia kinuni. Lakini kabla ya hayo alifanya jambo moja. Alimwambia Nyamizi, "Twende, nikawaambie kaka zako mwenyewe." Tulimkataza. Volteji alimshika shati kabisa, akamwambia wale watamkata mapanga kabla hajamaliza salamu. Dastan akasema atakwenda naye. Nyamizi akakataa.

— Ukija na sare wataona kaletwa. Aje na mimi.

Wakaondoka kwa pikapu ya magazeti iliyokuwa inapita Ngulyati. Masele alikaa nyuma, kwenye bodi, akimkinga yule mama mkono wake mbovu na matuta.

Alirudi alasiri, mzima. Tulimzunguka, kila mtu na swali lake. Alisema kaka zake Nyamizi walimketisha uani, wakamwambia aeleze, akaeleza. Wakamwambia arudie. Akarudia. Mkubwa wao akamuuliza lile lile: ulimwona dada yangu au hukumwona? Akamjibu vile vile. Wakanong'ona kwa muda, kisha wakamletea kibuyu cha maziwa ya mgando, wakasimama wakimtazama anavyokunywa.

— Kwa hiyo wamekuamini? nikamuuliza.

— Sidhani, Masele akasema. Ila walinisindikiza mpaka barabarani.