Lesian Yiamat na Albamu ya "Mlima Umejifunika"

Marehemu Lesian Yiamat Mollel alizaliwa tarehe 14 Machi 1971 katika kijiji cha Olkokola, magharibi mwa Mlima Meru, akiwa mtoto wa tatu wa marehemu Mzee Yiamat na mama yetu Naipanoi.

Alianza darasa la kwanza mwaka 1979 hapohapo kijijini, akamaliza kidato cha nne mjini Arusha mwaka 1989. Mwalimu mmoja aliandika kwenye ripoti yake: "Yupo darasani, lakini hayupo." Baba alipomhoji, Lesian alieleza kwamba upepo ulikuwa ukipita kwenye matundu ya ukuta, naye alikuwa akiusikiliza.

Alijifunza ufundi wa redio mtaani Sakina, Arusha. Mwaka 1995, yeye na rafiki yake Lemburis, mpiga gitaa, walianzisha Bendi ya Ngurumo. Kwa miaka kumi na saba marehemu alisimama mbele ya bendi hiyo akiimba roki kwa Kiswahili na Kimaa. Mwaka 2012 wenzake, Lemburis akiwemo, waliamua kupiga nyimbo za watu wengine hotelini. Alikataa, yakasemwa maneno makali, akaondoka. Kwa miaka sita hakuimba tena, hata kanisani.

Alikuwa amefunga ndoa na Marta tarehe 7 Oktoba 2000. Mchungaji alipomuuliza kama amekubali, alikaa kimya mpaka watu wakaanza kutazamana. Baadaye alimwambia mkewe, "Kengele ya kanisa ilikuwa bado inalia ndani yangu. Sikutaka kukujibu juu ya sauti nyingine." Mungu aliwajalia Naisiae na Gadiel.

Mwaka 2018, katika chumba cha nyuma cha nyumba yao ya Lemara, alianza kurekodi albamu yake mwenyewe. Besi, ngoma na sauti zote zilikuwa zake. Marta anasema alikuwa akitoka humo akipepesa macho, kama mtu aliyeshuka kutoka mawinguni. Lakini wimbo mmoja ulimshinda. Mwaka 2022, baada ya miaka kumi ya kutosemezana, alikwenda Sombetini kwa Lemburis.

"Kuna wimbo unakosa mkono wako," alimwambia mlangoni.

"Ingia kwanza unywe chai," Lemburis alijibu.

Chai ilipokwisha wakaenda kupiga. Ugomvi wao hawakuwahi kuuzungumza. Lemburis anasema uliishia humo humo ndani ya wimbo. "Mlima Umejifunika" ilitoka Juni 2023, ikiwa na nyimbo tisa.

Novemba mwaka huohuo figo za Lesian zilianza kushindwa. Mwezi uliopita aliomba kupelekwa Olkokola kwa mama, ambaye siku zote aliuita muziki wake makelele. Mchana mmoja Lesian alimvalisha spika za masikioni. Mama alikaa barazani akiutazama mlima kwa nyimbo zote tisa. Kisha akazivua.

"Kumbe hiki ndicho ulichokuwa unasema."

"Eeh, yeyo," alijibu mwanawe. "Ndicho hicho."

Alifariki usingizini Jumanne, tarehe 6 Mei 2025, saa nne asubuhi, akiwa na umri wa miaka hamsini na minne.

Ameacha mama, mjane, watoto wawili, mimi mdogo wake Elizabeth ninayewasomea haya, na Lemburis, ambaye mama ameagiza aketi na wana wa nyumba hii.

Lala salama, kaka yetu. Bwana akupe utulivu wake.