Alphonce Anastaafu, na Likizo ya Uzazi Haikatwi Tena

Miaka ishirini na tisa Alphonce Ruhaga amekaa na sisi kwenye chama cha mawese hapa Bangwe, na mwezi huu wa saba ukiisha anastaafu. Wameniambia mimi Yunisi, kwa kuwa nimempikia chai miaka yote hiyo, niseme maneno ya kuandikwa kwenye karatasi ya sherehe, na yawe mazuri tu. Mazuri yapo. Lakini nina hasira, na yenyewe iandikwe.

Alikuja kijana mwembamba, akawekwa stoo. Halafu wakampeleka Tabora kusomea kompyuta, akarudi na miwani na maringo. Ukipita na kikombe karibu na ile mashine anapiga kelele kama umeshika moto, na yeye mwenyewe anakulaga dagaa wa kukaanga hapo hapo juu ya vitufe! Siku moja sisimizi wakaingia, akataka kunisingizia sukari yangu. Nikamwambia sisimizi gani wa sukari anabeba kichwa cha dagaa? Akacheka mwenyewe.

Ila kazi aliifanya. Zamani mtu akitaka likizo, faili lake linatafutwa mpaka kabati linataka kumwangukia mtu. Alphonce akatengeneza ukurasa kwenye kompyuta, wafanyakazi wote wamo. Unataja jina, unataja siku ya kuanza likizo na siku ya kumaliza, basi. Meneja wetu Pastory akaanza kutembea kifua mbele kama kautengeneza yeye.

Sasa ubaya wake. Mwaka wa hesabu wa chama unaisha mwezi wa sita, wa saba unaanza mwingine. Na ule ukurasa ulikuwa unajua mwaka mmoja tu. Likizo ikianza mwezi wa sita ikaishia wa nane, unaandika maneno mekundu, unakataa. Wakubwa wakafanya nini? Wakaweka sheria: likizo ife tarehe thelathini mwezi wa sita, mtu arudi tarehe moja asaini, ndiyo apewe nyingine. Hata mzazi! Mwanamke katoka kujifungua, anafunga safari kuja kusaini kwamba bado hajapona. Miaka na miaka, na sisi tunaona kawaida. Nikikumbuka damu inachemka.

Mwaka juzi ikamfika Skolastika, yule wa mizani. Kajifungulia ukweni Mwamgongo, kijiji cha kufika kwa boti, mtoto kitovu ndiyo kwanza kimedondoka. Na mwezi wa saba mnaujua, upepo wa kusini unapiga, ziwa linachafuka. Tarehe moja boti ikageuza njiani. Akaja kesho yake, kashuka bandarini Kibirizi kaloa mpaka kwenye nywele, mtoto kwenye kitenge kibichi. Nikamnyang'anya yule mtoto, nikakaa naye karibu na jiko langu.

Skolastika kamwambia meneja, "Shikamoo. Jana boti imerudi, mawimbi."

"Marahaba. Kila mtu ana boti yake ya kusingizia. Nakuandika mtoro. Mizani nampa mtu mwingine."

"Mtoro? Si mlinipa likizo wenyewe?"

"Iliisha na mwaka wa fedha."

Mimi nikashindwa kunyamaza. "Pastory mwanangu, mama yako alikuzaa mwaka wa fedha gani?"

Alphonce akatoka chumbani kwake kututuliza. "Bibi, msimlaumu meneja. Kompyuta haikubali likizo ivuke."

"Hiyo kompyuta nani kaifundisha?"

"Mimi," Alphonce akajibu.

"Basi kompyuta haijakataa. Umekataa wewe."

Akamtazama yule mtoto anavyotetemeka, akarudi ndani, akafunga mlango. Chai hakunywa, chakula hakula. Alasiri akatuita. Kaifundisha mashine kuvuka: unaandika likizo moja, yenyewe inaikata pale mwezi wa sita unapoishia, kipande hiki kinaingia mwaka huu, kile kinaingia mwaka unaokuja, bila mtu kutoka kitandani. Ya Skolastika kaiandika ya kwanza. Kama doti ya kanga, vipande viwili na doti ni ile ile.

Pastory akawaka. "Nani kakuruhusu kugusa?" Akakaa mwenyewe kumwandika Skolastika utoro wa tarehe moja. Mashine ikamkatalia: huyu yuko likizo. Akaandika tena. Huyu yuko likizo. Mara ya tatu Alphonce akamwambia, "Meneja, kosa lilikuwa langu, si la huyu mama. Ukitaka mtoro, niandike mimi." Pastory akanyanyuka, akatoka. Skolastika akarudi Mwamgongo na mtoto wake, na leo ndiye yuko mizani.

Jumapili iliyofuata Alphonce, ambaye boti anaiogopa kama ugonjwa, akapanda ya Mwamgongo. Alitapika njia nzima, wavuvi wakamcheka. Akafika, akasema pole yake mbele ya mama mkwe wa Skolastika, hakuzunguka, hakusingizia mashine. Akapewa ugali na samaki wa migebuka.

Kwa hiyo, Alphonce, asante. Asante kwa faili, asante kwa mlango ule uliofunga, asante zaidi kwa kutapika. Nenda ukapumzike, ule vizuri, ulale mpaka uchoke kulala, Mungu akupe uzee mwororo.

Nyinyi wakubwa mtakaokaa meza ya mbele na soda, mkipiga makofi: Skolastika hajasikia pole yenu mpaka leo, na wazazi waliosaini kabla yake ni wengi, wengine wamekaa humo humo ukumbini. Msikate keki kwanza. Simameni muwaambie pole. Na mzazi aliyeshindwa kuja kwenye sherehe, mfuateni kwao kama Alphonce alivyofanya. Boti za Mwamgongo zinaondoka Kibirizi kila mchana, nafasi ipo.