Papa Emile Likunde, Aliyesimama Kando ya Picha Yake Mwenyewe

Papa Emile Likunde Bolamba alizaliwa Isangi tarehe 9 Aprili 1959, mtoto wa tatu wa papa Hubert Bolamba, mvuvi, na mama Julie Atosha. Shule ya msingi aliisomea hukohuko, akivuka mto kwa pirogi kila asubuhi. Mwaka 1974 aliletwa Kisangani kwa tonton, mjomba wake, na mwaka 1980 akapata diplôme d'État ya kumaliza sekondari, section ya biokemia. Miaka mitatu baadaye alimaliza masomo ya ufundi wa maabara.

Tangu 1984 alipima damu, mkojo na makohozi ya watu wa mji huu katika hospitali moja ya mtaa wa Makiso. Vita vya mwaka 2000 vilipolipuka, wengine walikimbia na magodoro; yeye alikimbia na hadubini, ameifunga kwa shuka kama mtoto mchanga.

Tarehe 22 Agosti 1987 alimuoa mama Philomène Feza, binti wa Kindu. Siku moja mama alimwambia kwamba chai ya majani imemponya tumbo.

"Siku ngapi?" akauliza.

"Tatu."

"Na kama ungengoja tu bila kunywa, ingeisha siku ngapi?"

Mama akafunika sufuria ya pondu, majani ya muhogo aliyokuwa akiyapika. "Bon, leo na wewe ungoje tu bila kula. Tuone njaa itaisha siku ngapi."

Papa Emile alisimulia kisa hicho mpaka uzeeni, akisema ndilo swali pekee la utafiti lililomshinda.

Waliosema kwamba alidharau dawa za asili walisema uongo. Alizunguka msitu wa Masako na wanafunzi akikusanya majani na magome. Alipenda kukumbusha kwamba dawa ya malaria tunayomeza leo ilitoka katika mmea wa Wachina, kwa sababu walikuwapo watu wenye subira ya kuupima. Yeye mwenyewe aliwapima akina mama wabeba mizigo wenye maumivu ya magoti: nusu walichomwa sindano za Kichina, zile nyembamba zisizo na dawa, nusu sindano za kuigiza. Makundi yote mawili yalipata nafuu sawasawa, naye akaandika hivyo hivyo.

Mwaka 2021 kampuni moja ya dawa za mitishamba ya Kichina ilimwomba apime vidonge vyake vya ugonjwa wa sukari. Jina la kampuni hiyo hatulitaji hapa. Imeshajitangaza vya kutosha kwa mgongo wa marehemu. Wagonjwa sitini na wawili walikubali. Wote waliendelea na dawa za hospitali. Juu ya dawa hizo, nusu walipewa vidonge vile na nusu vidonge vya unga wa muhogo vyenye sura ileile, wala hakuna mgonjwa aliyejua amepata vidonge vipi. Baada ya wiki kumi na mbili hakukuwa na tofauti yoyote.

Meneja wa kampuni alikuja maabarani. Solange, binti ya papa Emile aliyefanya kazi naye, aliyasikia yote.

"Papa Emile, andika tu wale wenye sukari ilishuka. Wengine, bon, unaacha."

"Wengine iko watu ao iko mbuzi?"

"Tunatafuta tu kusaidia population."

"Alors, ile population uiambie ukweli."

Hakutia sahihi ripoti ya namna hiyo. Miezi michache baadaye picha yake, amevaa koti jeupe, ilitundikwa sokoni: "Sayansi imethibitisha. Achana na sindano za sukari." Chini yake, jina lake zima. Hakuna aliyemuuliza. Mama Nicole, jirani yetu muuza chikwangue, mikate ya muhogo, aliacha sindano zake. "Niliona ni sura yako, papa," alimwambia akiwa kwenye kitanda cha hospitali, mguu wa kushoto umeshakatwa. Siku ile papa Emile alirudi nyumbani akakaa barazani hadi jioni bila kuvua viatu.

Aliwaandikia wakubwa wa serikali barua tisa. Hata moja haikujibiwa. Basi akaenda sokoni mwenyewe, akasimama kando ya picha ile, na kila Jumamosi akarudi, kwa miaka miwili.

"Mama, angalia vizuri. Mwenye hii picha ni mimi. Ile maneno sikusema. Usiache dawa ya hôpital."

Wapo waliomsikia. Wapo waliomcheka kama mzee aliyechanganyikiwa. Walinzi wa kampuni walimsukuma hadi miwani yake ikavunjika. Jumamosi iliyofuata alirudi nayo imefungwa kwa plasta.

Oktoba 2024 daktari alimwambia kwamba ana saratani ya ini. Mtaani ikasemwa anaumwa kwa kuwa alitukana dawa ya Wachina. Waliosema hivyo tunawajua, na baadhi yao wamekaa hapa leo. Alifariki Jumanne tarehe 11 Machi 2025, saa tatu asubuhi, mkono wake ukiwa katika mkono wa mama Philomène.

Jana kampuni ileile ilileta taji la maua hapa matangani: "Kwa mshirika wetu mpendwa." Mama aliusoma utepe, akamwita dereva. "Mwanangu, rudisha. Uwaambie Emile hakuwa wa kwenu. Hata leo."

Papa Emile ameacha mjane, watoto watatu, Solange, Dady na Benie, wajukuu saba, dada yake Aurélie wa Isangi, na wagonjwa ambao hakukubali kumwacha hata mmoja nje ya hesabu.

Picha ingali sokoni. Tukitoka makaburini, kabla ya chakula, familia itapita kuiteremsha. Anayetaka kutusindikiza aje.

Papa, wewe pumzika kwa amani. Umesimama vya kutosha.