Ng'ombe Hakai Mazizi Mawili

Mheshimiwa Mkuu wa Kampasi, Dokta Anatoli, Mheshimiwa Diwani wa kata yetu, Padri na Mchungaji, mliokubali kukaa meza moja na spika inayokoroma namna hii, Ndugu wageni waalikwa kutoka Maswa, Itilima na Meatu, wafanyakazi wenzangu, na wewe uliyetukusanya hapa leo, Mzee Masunga, pamoja na shemeji yetu Elizabeth, nawasalimu kwa Kisukuma: mwadila.

Naona Gloria, Afisa Utumishi wetu, ananionyesha kidole, maana yake kuna mkubwa nimemruka. Kama nimekuruka, naomba ujihesabu umetajwa, kwa sababu leo hata karatasi nilizoshika zimenichanganya, seuze itifaki.

Kwa wasionijua, mimi ni Benedikta, mwalimu wa historia hapa chuoni na msimamizi wa mradi wa Sauti za Wazee. Ni mradi ule uliozunguka vijijini kuwarekodi wazee wetu wakisimulia miaka ya njaa, magonjwa ya mifugo, na koo zilivyohama kufuata maji. Nimepewa dakika kumi za kumuaga Mzee Masunga, fundi wetu wa kompyuta na mtandao kwa miaka kumi na saba, na ofisi imeniandikia maneno ya kusema. Karatasi ya kwanza ni nzuri, inasema alikuwa mtu wa kuwahi kazini na kunyamaza. Karatasi ya pili inasema hivi: "Licha ya dosari iliyojitokeza mwezi Februari, miaka mitatu iliyopita, mstaafu aliendelea kukitumikia chuo." Hapo ndipo ninapokwama, ndugu zangu. Dosari ya nani?

Niruhusuni niiweke karatasi hii chini, nianzie mbali kidogo.

Marehemu baba yangu, kule Shishiyu, alikuwa na ng'ombe arobaini, lakini ukiingia zizini kwake ungehesabu kumi na watano tu. Wengine walikuwa kwa rafiki yake Mwamapalala, wengine kwa mjomba wangu Mwanhuzi. Ugonjwa ukipiga Shishiyu, wa Mwanhuzi wamebaki. Anayekutunzia ng'ombe anakunywa maziwa, ndama wanabaki kuwa wako, na ng'ombe akifa anakuletea ngozi uione kwa macho yako. Kuna aliyekulia mkoa huu asiyejua hayo?

Basi Mzee Masunga alipokuja ofisini kwangu kuniunganisha na huduma ya bakapu ya chuo, alinieleza taratibu kama kawaida yake. Alisema kila siku saa saba mchana, sisi tukiwa tunakula, mashine iliyoko makao makuu itapita kwenye mtandao, itachungulia kompyuta yangu na kuchukua nakala ya kila kilichoongezeka. Kompyuta ikiungua, ikiibiwa, ikimwagiwa chai, nimwite yeye, naye atayarudisha mafaili yangu. Nikamwambia nimeelewa, na balaa lilianzia hapo, kwa sababu nilielewa haraka mno. Mimi nilisikia kwamba ng'ombe wangu wamepelekwa kutunzwa Mwanhuzi.

Na ng'ombe hakai mazizi mawili, au siyo? Kama yuko Mwanhuzi, Shishiyu hayupo. Kompyuta yangu ilikuwa imejaa, inatembea kama punda mgonjwa, nami nikajiuliza kwa nini nibanane na sauti ambazo tayari zina mtunzaji. Tarehe saba Novemba nikafuta rekodi zote, wazee sitini na watatu, halafu nikamwaga na kapu la taka. Kompyuta ikawa nyepesi, nami nikaenda kula nikijiona mfugaji hodari.

Tarehe thelathini Januari akaja mama mmoja, mayu Nyanjige kutoka Mwanhuzi, huyu hapa aliyekaa mstari wa mbele, na karanga zake kwenye kapu. Baba yake, Mzee Mboje, tulikuwa tumemrekodi kwa saa mbili nzima, naye alifariki mwezi Desemba. Mayu Nyanjige hakuwa na picha ya baba yake hata moja. Aliniambia maneno matatu tu: "Nimekuja kumsikia baba."

Nikaenda kwa Mzee Masunga kwa kujiamini kabisa, nikamwambia alete sauti zangu. Akatazama mashine yake. Akaniuliza nilizifuta lini. Nikamjibu sikufuta kitu, nilizikabidhi kwake. Akahesabu kwa vidole, akahesabu tena, kisha akasema: "Zimebaki siku sita, Mwalimu."

Siku sita za nini? Alinieleza kwamba mashine ile inashika nakala maadamu ya kwako ipo. Ukiifuta ya kwako, inaona huihitaji tena, inakaa na nakala yake siku tisini, halafu inaitupa. Sasa nawauliza ninyi wenye mifugo: huyo ni mtunzaji wa namna gani, anayemtupa ng'ombe wako kwa sababu zizi la kwako liko tupu? Nilikasirika. Nikapanda ngazi mpaka kwa Mkuu, nikaripoti kwamba Masunga nimemkabidhi sauti za wazee na sasa anasema ziko njiani kupotea. Nilisema hivyo nikiamini kila neno.

Kesho yake kamati ikakaa. Mheshimiwa Mkuu, nawe ni mtoto wa mfugaji, ukauliza ambalo yeyote kati yetu angeuliza: "Ngozi iko wapi, Masunga?" Naye akajibu: "Mkuu, mimi sikukabidhiwa ng'ombe. Nilikabidhiwa nakala. Ng'ombe walikuwa kwa mwenyewe." Mtu mmoja akauliza nakala inakamuliwaje, na kamati nzima ikacheka. Mtu huyo, nadhani, nilikuwa mimi. Mzee Masunga hakucheka. Aliomba ruhusa arudi kazini kwa sababu siku zinakwenda.

Kwa siku tatu alikaa mbele ya mashine yake, akizivuta sauti kutoka makao makuu. Mtandao ulikuwa ukikatika, anaanza upya; umeme ukizimika, anasubiri; wazee wanarudi mmoja mmoja. Mayu Nyanjige alikuwa akilala nyumbani kwa Masunga, shemeji Elizabeth akimpikia, na mchana anakuja kukaa mlangoni kwa fundi na karanga zake. Tarehe mbili Februari, mchana, Mzee Masunga akabonyeza kitufe, tukasikia kikohozi. Kisha sauti ya Mzee Mboje ikauliza kama kile chombo kimeanza kushika. Mayu Nyanjige akajifunika mdomo kwa kitenge, akakaa chini sakafuni, akasikiliza saa mbili zote bila kusogea. Jioni wazee wote sitini na watatu walikuwa wamerudi.

Mgeni atadhani tulimshukuru. Tarehe tatu Februari tulimpa barua ya onyo.

Kwa nini? Nitawaeleza tulivyofikiri, na mtaona kuchanganyikiwa hakumchagui mwenye digrii. Tulisema, kama zimerudi, basi alikuwa nazo. Na kama alikuwa nazo, kwa nini alisema zinapotea? Mtu akikuambia ng'ombe wako anakata roho, kesho akamleta kanenepa, si alikuwa amemficha? Ilionekana hoja nzito kweli. Tukaandika kwamba amezuia mali ya chuo. Sahihi ya Mkuu ipo, na chini yake, kama shahidi, ipo yangu. Barua hiyo imo kwenye faili lake masjala hadi leo. Ndiyo iliyomfanya asipande cheo, kiti cha mkuu wa kitengo kikampita kikaenda kwa mtu aliyefundishwa kazi na yeye mwenyewe. Na ndiyo iliyozaa neno "dosari" kwenye karatasi niliyoiweka chini.

Mwezi uliopita nilihama ofisi. Nikatungua kalenda ya kiwanda cha pamba iliyoning'inia ukutani miaka yote hiyo, na chini yake nikakuta tangazo lenye sahihi ya Masunga, alilolibandika siku ile ile aliyoniunganisha. Nililitundikia kalenda kwa sababu msumari ulikuwa pale pale. Lilisema: "Huduma ya nakala rudufu si ghala. Usifute ya kwako kwa kutegemea yetu. Ukifuta, nakala hukaa siku tisini tu. Ukikosea, wahi uniite." Nikalisoma mara ya kwanza, nikaona linamhusu mtu mwingine. Mara ya pili nikaanza kuhesabu miezi. Mara ya tatu nikatafuta kiti.

Nilimfuata karakana. Nikamwambia, Mzee Masunga, aliyefuta ni mimi. Mnajua alinijibu nini? "Najua, Mwalimu. Mashine iliandika jina lako, tarehe na saa."

Ngozi alikuwa nayo, ndugu zangu. Siku ile kamati inamuuliza ngozi iko wapi, ilikuwa mezani kwake, na ilikuwa na chapa yangu. Nikamuuliza kwa nini hakuionyesha. Alikuwa anafungua kompyuta ya mtu, hata hakuinua kichwa. "Yule mama alikuwa mlangoni. Nilitaka baba yake arudi kwanza. Baadaye mlikuwa mmeshasaini, na ningesema, wangekutoa kwenye mradi. Nani angewafungulia wengine wanaokuja?"

Nao wamekuja. Kati ya wazee wale sitini na watatu, ishirini na mmoja wametangulia mbele za haki, na watoto wao wanatoka Mwamapalala, wanatoka Shishiyu, wanakaa kwenye benchi langu, nami nawafungulia na kupokea shukrani. Kila shukrani niliyopokea kwa miaka mitatu ilikuwa ya mtu mwingine, na naona aibu kulisema hili mbele ya mke wake.

Sitawadanganya kwamba sasa nimeelewa. Bado nimechanganyikiwa. Kitu kilichofutwa, katika siku zile tisini, kinakuwa wapi? Huku hakipo, na kupotea hakijapotea. Juzi Mzee Masunga alinieleza kwa kalamu na vikombe viwili vya chai, nikaitikia kwa kichwa kwa heshima, nikatoka nje nikiwa vile vile. Na mtu anawezaje kukutana na aliyemponza, kila asubuhi, kwenye korido, kwa miaka mitatu, akamuuliza kama kompyuta yake inaendelea vizuri? Hilo nalo sielewi, na sidhani kama kuna kikombe cha kunielezea.

Lakini jambo moja nimelielewa. Mashine ile, ukiitajia tarehe, inakurudishia faili kama lilivyokuwa siku hiyo, kabla hujaliharibu. Mheshimiwa Mkuu wa Kampasi, kwa unyenyekevu, na mbele ya wageni hawa wote, naomba faili la Mzee Masunga lililoko kwenye kabati la masjala lirudishwe kama lilivyokuwa tarehe mbili Februari, mchana, wakati Mzee Mboje anakohoa. Najua kuna utaratibu. Najua pia kwamba Mzee Masunga anakabidhi funguo tarehe thelathini, na leo ni tarehe ishirini na nne. Zimebaki siku sita.

Ili utaratibu usikose pa kuanzia, nimeandika barua ya kukiri kosa langu, na adhabu yake nitaipokea nikiwa nimesimama. Ni nakala tatu. Moja ni yako, Mheshimiwa Mkuu. Moja ni ya Mzee Masunga, akae nayo nyumbani, wajukuu waisome. Na hii ya tatu ni yangu, inabaki kwangu, sitaifuta.

Wabeja, Mzee Masunga. Wabeja, shemeji Elizabeth. Nanyi nyote nawashukuru kwa kunisikiliza, hasa pale nilipokuwa mwenyewe sijielewi.