Kiwanda Kilichoamka Mfupani Mwangu

Nawasalimu katika jina la Yesu, ndugu zangu. Bwana asifiwe! Asifiwe na wale wa viti vya nyuma pia!

Mimi ni fundi wa mawe. Kwa miaka ishirini sikukaa mahali pamoja: Kitale, Turbo, Mumias, na kila nilikofika nilijua kilabu cha chang'aa kabla ya kujua kanisa. Nikilewa, namlilia marehemu mama na shamba letu la Sugoi, kisha nahama tena.

Mwaka jana, nikiishi mtaa wa Huruma, mwili ulianza kunishangaza. Nikigongwa kidogo tu na jiwe, ngozi inageuka nyeusi. Pua ikatoa damu siku nzima. Ngazi nilizozoea kupanda na mawe begani zikanishinda hata nikiwa mikono mitupu. Wenzangu kilabuni wakacheka: "Fundi, damu imekuishia! Kunywa ile chang'aa kali inayotoka kwanza, haijaguswa na maji. Hiyo ndiyo inaongeza damu." Nikaamini! Kila asubuhi glasi mbili, kama dawa.

Nikaanguka kazini, Yamumbi. Hospitalini daktari, mama mmoja mpole, alinitoboa mfupa wa nyonga akavuta uboho, ule tunaoufyonza tukila nyama ya mfupa. Majibu yalipotoka akaniambia, "Baba, damu hutengenezwa humu. Pombe imezima kiwanda. Ukirudi kunywa, utakufa."

"Na nikiacha?"

"Ukiacha, mara nyingi huamka chenyewe."

Chenyewe! Nililala na neno hilo. Nilitetemeka kwa kukosa pombe, nikatapika, wauguzi wakanishikilia. Nikaongezewa damu ya watu nisiowajua. Nikaomba: Bwana, sina la kukupa, hata damu hii si yangu.

Wiki ya tatu wakapima tena. Daktari akaitazama karatasi, akatabasamu: "Baba, kimeamka."

Ndugu zangu, mimi nilikuwa nimelala kitandani! Sikuinua hata mwiko wa saruji. Ni nani aliyekuwa akifanya kazi gizani, ndani ya mfupa wa mlevi? Mimi hujenga nyumba za watu, lakini sijawahi kuona fundi kama huyo!

Sasa ni miezi kumi na moja sijaonja. Namshukuru Mungu, nawashukuru wale wauguzi. Nawe unayekunywa huku mwili ukikuonya, usiongeze glasi, wala usijifungie nyumbani kuacha peke yako. Kesho asubuhi nitakuwa hapa mlangoni pa kanisa. Njoo twende hospitalini pamoja. Njiani tutaomba.