Mzee Mipaka, Aliyetufundisha Tofauti ya Hifadhi na Hifadhi

Ijumaa hii, tarehe 30 Juni, Mkuu wa Chumba cha Ramani anastaafu baada ya kuitumikia idara yetu ya maeneo ya hifadhi kwa miaka thelathini na mmoja, miezi minne na siku kumi na mbili. Siku hizo kumi na mbili amezihesabu mwenyewe, maana kwenye vipimo hajawahi kumwamini mtu mwingine. Wote tunamwita Mzee Mipaka. Mhariri wa jarida letu amenipa mimi, karani wa masjala, kazi ya kuandika habari zake kwa sababu majalada yake yote yamepita mikononi mwangu. Sababu ya pili, kasema, ni kwamba tangu nifunge ndoa wiki sita zilizopita naona uzuri kila mahali. Ni kweli. Lakini wa Mzee Mipaka nilikuwa nauona hata kabla.

Alianza kazi kama mchoraji msaidizi, enzi ambazo ramani ya taifa ilikuwa karatasi iliyofunika meza nzima, pembe zake zimegandamizwa kwa vikombe vya chai. Kila eneo lililotangazwa kuwa hifadhi lilipakwa rangi ya kijani kwa penseli. Katika mwaka wake wa pili stoo iliishiwa penseli za kijani, na kwa miezi mitano taifa halikuhifadhi hata ekari moja. Ripoti ya mwaka huo inataja "changamoto za vifaa". Hatimaye Mzee Mipaka, wakati huo kijana mwenye nywele, alileta penseli mbili za dada yake aliyekuwa mwanafunzi, na ndani ya wiki moja tukapongezwa kwa kasi ya kuigwa.

Jina la Mipaka lilitokana na miguu yake. Wengi wetu hupima hifadhi tukiwa tumekaa, yeye alikwenda. Siku moja aliufuata mpaka wa msitu mpaka ukamwingiza jikoni kwa mama mmoja. Yule mama hakuacha kukoroga. Alimwuliza tu, "Baba, sasa sufuria yangu iko ndani ya hifadhi au nje?" Mzee akavuta kamba yake, akapima, akasema, "Sufuria iko nje, mama. Kuni ndizo ziko ndani." Walielewana. Mpaka ulisogezwa hatua nne, mama akaahidi kuokota kuni upande wake, na wanasalimiana kwa simu hadi leo.

Ni yeye pia aliyegundua kwamba msitu mmoja wa milimani ulikuwa umehesabiwa mara tatu: kama msitu, kama chanzo cha maji na kama makazi ya ndege. Alipouhesabu mara moja tu, asilimia ya taifa ilishuka, na mkurugenzi wa wakati ule akamwita adui wa maendeleo. Msitu wenyewe, nijuavyo, haukulalamika.

Kisha ikaja ahadi ya thelathini. Nchi yetu, pamoja na nyingine nyingi, ilikubali kwamba kufikia mwaka uliopangwa, asilimia thelathini ya ardhi na maji yake itakuwa imehifadhiwa, ili wanyama, ndege na mimea wabaki na pa kuishi. Ni ahadi nzuri sana. Mimi napenda ahadi. Ila sisi tulikuwa kwenye kumi na saba nukta sita, na mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Kila tulipopigiwa makofi mkutanoni, mtu alirudi na wazo jipya la kitu cha kuhesabu. Ulipendekezwa uwanja wa gofu kwa kuwa ni wa kijani, makaburi kwa kuwa hapajengwi nyumba, jangwa zima kwa kuwa hakuna anayelitaka, na ua wa ofisi yetu wenyewe, ambamo amewahi kuonekana kenge. Mapendekezo yakafika arobaini na moja. Mzee Mipaka aliyaweka yote katika faili moja la kompyuta, akalipa jina "Subiri".

Lakini katikati ya makaburi na gofu kulikuwa na pendekezo moja la kweli, la kwake: kinamasi cha ndege aina ya korongo. Alilitengenezea jalada kwa miaka sita. Lina vipimo, lina sahihi za wanakijiji, lina hesabu ya ndege kwa kila msimu. Korongo wale huchagua mwenzi mmoja na kumchezea ngoma maisha yao yote. Niliposoma ukurasa huo kwa mara ya kwanza nililia kidogo, na ndiyo maana muhuri wa ukurasa wa tisa umechuja wino.

Mwaka jana tulipata programu mpya ya ramani. Fundi wa kompyuta wa idara, kijana hodari, mpole, mwenye vidole virefu, ambaye sasa ni mume wangu, aliigeuza yote kuwa ya Kiswahili ili kila mtu aielewe. Kitufe cha kuweka kazi isipotee kiliandikwa "Hifadhi". Hapo hakuna kosa; neno ndilo hilo. Wakati huo Mzee Mipaka alikuwa likizo, akipaka nyumba yake rangi. Mwandishi wa ripoti akafungua faili la "Subiri", akasahihisha tahajia mbili, akabonyeza Hifadhi. Kompyuta ikamjibu kwa adabu: "Maeneo 41 yamehifadhiwa kikamilifu."

Akainakili sentensi hiyo kwenye ripoti ya taifa, neno kwa neno.

Mzee alipotoka likizo alikuta taifa liko kwenye thelathini nukta mbili na ukumbini kuna bango. "Mimi nimepaka kuta nne," alisema, "nyinyi mmehifadhi jangwa!" Alimweleza kila aliyekaa kusikiliza. Mkurugenzi alimsikiliza akiwa amesimama, kisha akamjibu kwamba ripoti imeshatoka, na kwamba kompyuta ni chombo, haina sababu ya kusema uongo.

Ndipo taabu ya kinamasi ilipoanza. Kila Mzee alipopeleka jalada lake kwa wanasheria wapate kuandaa tangazo la serikali, lilirudi masjala na dokezo lile lile: "Eneo hili limekwisha kuhifadhiwa. Hakuna hatua zaidi." Limerudi mara tatu, dokezo nimelibandika mimi. Mkuu wa askari wa doria naye alisema bila tangazo hatoi hata buti moja. Kinamasi kikawa kimehifadhiwa mno, kiasi cha kutoweza kuhifadhiwa. Wafyatua matofali hawakuwa wameisoma ripoti yetu. Waliingia upande wa mashariki na kuanza kuchimba udongo.

Kila Jumatatu muuguzi wa zahanati iliyo jirani na kinamasi alimpigia Mzee simu kumpa hesabu ya korongo. Jozi ishirini na sita. Ishirini na tatu. Kumi na tisa. "Mzee, hao watu wameshafika kwenye matete," alisema safari moja, sauti ikasikika hadi korido. "Huko mjini mnasubiri nini, ndege waje wenyewe kusaini?" Mzee aliandika hesabu kwenye daftari lake. Alikuwa na miezi miwili tu kabla ya kustaafu, na sote tulijua kwamba akitoka na jalada lile likiwa bado halijatangazwa, halitapata mwingine wa kulipigania.

Mambo haya nayaelewa vizuri zaidi siku hizi. Kubonyeza kitufe ni kumwambia mtu unampenda. Tangazo la serikali ni ndoa. Na askari mwenye buti ni yule mume anayerudi nyumbani kila siku. Sisi tulikuwa tumewapenda korongo sana, kwa kitufe.

Wiki nne zilizopita Mzee alimwita mume wangu Chumba cha Ramani. Nilikuwepo nikipeleka barua, na kama nilikaa kuliko barua ilivyohitaji, mtanisamehe. Mzee aliuliza kama kinamasi peke yake kinaweza kuondolewa kwenye orodha. Mume wangu akatikisa kichwa. "Haiwezekani, Mzee. Yalihifadhiwa pamoja, yatafutwa pamoja. Tutashuka hadi kumi na saba."

"Hatushuki, mwanangu. Tuko huko huko."

Cheti chake cha heshima kilikuwa kimeshachapwa, chenye maneno "Aliyelifikisha Taifa Thelathini", na alikiona mwenyewe mezani kwa katibu muhtasi. Kompyuta ikauliza: "Maeneo 41 yatafutwa. Una uhakika?" Mzee akaifuta kwanza miwani yake, kisha akayafuta maeneo.

Mkurugenzi aliwasili akiwa ameshika karatasi ambayo bado ina joto la printa. "Mzee! Umelishusha taifa asilimia kumi na mbili kabla ya saa nne asubuhi!"

"Halikuwa limepanda, Bosi. Lilikuwa limehifadhiwa tu."

Siku iliyofuata mtu alikuja kulishusha bango. Lakini mkutano mkubwa wa nchi zote ulikuwa umekaribia, na mkurugenzi hawezi kwenda kwenye mkutano mikono mitupu. Alishuka masjala mwenyewe, akaniuliza kama tunalo eneo lolote, hata dogo, ambalo karatasi zake zimekamilika. Nilimjibu lipo moja. Mkurugenzi wetu, ambaye sijawahi kumwona akibeba hata kikombe chake, alilikumbatia jalada la kinamasi na kulipitisha mlango kwa mlango. Wanasheria walilifungua, wakatafuta kwenye orodha, wakaona kweli eneo halijahifadhiwa, wakakosa sababu ya kulirudisha. Miaka sita ya kusubiri ilikwisha kwa siku nane.

Tangazo lilitoka katika Gazeti la Serikali Jumanne ya wiki iliyopita, na Alhamisi askari wawili wakafika kwenye kinamasi na hema lao. Taifa sasa liko kwenye kumi na saba nukta sita mbili. Mkurugenzi aliitangaza hesabu hiyo mbele ya wafanyakazi kwa sauti ya mtu anayesoma matokeo ya mtihani ya mtoto wa jirani. Mzee Mipaka alipiga makofi peke yake, kisha mume wangu akafuata, kisha sote.

Jumatatu ya wiki hii simu iliita kama kawaida, na Mzee akaiweka sauti ya juu ili tusikie. "Wameondoka," alisema muuguzi. "Kalibu zao za matofali wameziacha kwenye tope. Jozi ni zile zile kumi na tisa, Mzee, sikudanganyi, hazijaongezeka. Lakini mbili zimeanza viota upande ule ule wa mashariki." Mzee aliuliza ni umbali gani kutoka kwenye alama ya mpaka. Akaandika. Kisha akageukia dirisha, na sisi tukajifanya tunatafuta karatasi.

Asante, Mzee, kwa kila hatua uliyoipima wakati sisi tukiitaja tu. Simu za Jumatatu zitapokewa masjala kuanzia sasa. Namba nimempa muuguzi, naye ameniambia nisipopokea atakuja mwenyewe. Mkeo, ambaye kwa miaka sita amewasikia korongo mezani bila kuwaona, ameshafunga mkoba wa safari. Nendeni mkawatazame wakicheza, mkae mpaka mchoke. Tunakuombea wewe na mama afya, utulivu na miaka mingi yenye furaha.