Vidole Viwili Juu ya Kichwa

Kaka yetu, mpiga picha mliyezoea kumwita Vidole Viwili, alizaliwa tarehe 9 Machi 1951, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ya baiskeli. Alikuwa mtoto wa tatu wa fundi cherehani na mkunga. Mimi, dada yake mdogo, ndiye ninayesoma, nikikwama mnivumilie.

Alisoma shule ya msingi kuanzia 1959 hadi 1966. Mwalimu alilalamika kwamba mwili wake uko darasani, macho yako dirishani, na wala hakumsingizia.

Mwaka 1970 aliajiriwa studio. Alipenda chumba cha giza, taa nyekundu, na nyuso zilizojitokeza majini polepole kama watu wanaoamka. Ila mwanzoni aliwakata watu vichwa! Kitundu cha kutazamia kilikuwa juu ya lenzi. Mtu akikaa karibu, jicho liliona kichwa kizima, lenzi ikaishia kwenye nyusi. Baadaye ndipo akazoea kupanga picha, kisha kuinua kamera kiasi cha vidole viwili kabla ya kubonyeza.

Kabla hajazoea, alikuja binti muuguzi kupigwa picha ya kitambulisho. "Paji langu la uso limekukosea nini?" aliuliza. Kaka akampiga nyingine, akadai nayo imeharibika, arudi kesho. Sisi tuliiona hiyo ya pili. Haikuwa na kasoro hata chembe. Walifunga ndoa tarehe 14 Agosti 1973.

Alipiga watu picha miaka hamsini, yeye mwenyewe hakuwa na hata moja. Mapafu yalipomlaza mapema mwaka huu, wifi alinibana: "Nitabaki na nini cha kumtazama?" Nikachukua kamera yake ya zamani. Nilimwona kamili, mwanga wa asubuhi mashavuni. Mara akateleza chini kidogo kwenye mto.

"Kaka, hebu tulia!" nilimfokea.

"Wewe bonyeza tu," alisema, akitabasamu.

Alifariki tarehe 2 Juni 2021, saa nne asubuhi, usingizini. Filamu imesafishwa juzi. Kumbe nilisahau kuinua kamera. Yeye aliliona, akajishusha mwenyewe. Ndiyo picha iliyo mbele ya kijitabu mlichoshika, kichwa chote kimo, na mvi zake zote.

Ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu saba, na mimi niliyemfokea alipokuwa akinisaidia.

Lala kwa amani, kaka yangu. Nisamehe.